Mabega ya Chuma

Hakuna aliyemwita Winchi kwa jina alilopewa na wazazi wake, na hata angeitwa hivyo barabarani asingegeuka. Alikuwa mchukuzi wa ghala tangu ujana mpaka alipostaafu, mtu wa kutupia gunia la sukari begani wakati wenzake bado wanatafuta pa kulishikia. Mkokoteni aliudharau. Akimwona mwanamume mzima anasukuma mzigo kwa magurudumu, alikuwa akitikisa kichwa kwa masikitiko na kusema, "Maskini, mabega anayo na hana habari."

Basi siku daktari alipomwambia kwamba ngiri aliyopasuliwa imepona vizuri, lakini asithubutu tena kuinua kitu kizito maishani mwake, hata ndoo ya maji iliyojaa, Winchi alimtazama daktari yule akidhani anataniwa. Mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, ndiye aliyejibu kwa niaba yake.

"Amesikia, daktari. Na kama hakusikia, mimi nimesikia."

Mkewe huyo ni Mama Pindo, fundi cherehani. Jina walimpa wateja, kwa sababu pindo akilikunja yeye haliachii mpaka kitambaa chenyewe kiishe. Cherehani yake ilikuwa ile ya kukanyaga, yenye meza ya mbao na miguu ya chuma, kitu kizito cha kumtoa mtu jasho kwa kukitazama tu. Aliitumia kwenye kibaraza cha duka la vyombo, barabara ya pili kutoka nyumbani. Mwenye duka alimpa kibaraza mchana tu, maana jioni mlango ukishafungwa hapakuwa na wa kulinda kilichobaki nje. Kwa hiyo cherehani ilirudi nyumbani kila jioni na kwenda kazini kila asubuhi, na usafiri wake ulikuwa bega la Winchi.

Winchi alipolazwa walikodi mchukuzi mwingine. Bwana yule aliibeba siku moja tu. Kwenye kona ya kichochoro aliigonga ukutani, gurudumu la mkono likapinda, na Mama Pindo, ambaye hata uchungu wa kuzaa haukuwahi kumtoa chozi, alilia mbele za watu. Fundi aliinyoosha, lakini tangu hapo mama akaapa hakuna mtu wa kukodiwa atakayeigusa tena. Angeshonea nyumbani, yaishe.

Hayakuisha. Cherehani iliwekwa chumbani, kati ya kabati na kitanda, ikitazama ukuta. Wateja wachache waliofika waliingia kichochoroni wakiuliza uliza njia, na wengi hawakufika. Mama Pindo, aliyekuwa akisalimiana na mji mzima akiwa na pini mdomoni, sasa alikuwa akizungumza na pasi. "Umepoa wewe? Umepoa, mvivu mkubwa." Winchi alisikia hayo akiwa sebuleni, mahali alipokatazwa kufanya chochote isipokuwa kukaa.

Kisha mwenye duka la vyombo akaja mwenyewe, kwa adabu zake, akakataa chai.

"Mama Pindo, mimi sikufukuzi," alisema. "Lakini kuna fundi simu anakitaka kibaraza, na kila siku ananikumbusha. Tufanye hivi. Jumamosi nikifungua duka, cherehani ikifika asubuhi, kibaraza ni chako. Isipofika, nampa yeye, na tusilaumiane."

"Mpe tu, baba," Mama Pindo alijibu kwa furaha nyingi mno. "Mimi hapa nyumbani nimeshazoea. Kuna kivuli, kuna kila kitu."

Mgeni alipoondoka Mama Pindo alipiga pasi shati lililokuwa limeshapigwa pasi, tena mara mbili. Winchi akaumia. Tumbo lilikuwa halina neno. Kilichomuuma ni kwamba mke wake anaacha mahali anapopapenda kwa sababu ya mwili wa mumewe, na hata neno moja la lawama hasemi. Angelaumu, wangegombana, yakaisha. Mtu asiyekulaumu utamfanyaje?

Siku hiyo hiyo alitoka, akaenda mpaka kwenye karakana ya mdogo wa kike wa mkewe, mchomeleaji wa mageti, ambaye kwa ile kazi yake watu walimwita Cheche. Alimkuta amechuchumaa juu ya geti lililolazwa chini, ngao ya uso imeshushwa, mwanga wa bluu unaruka kila upande.

"Shemeji!" Winchi alipaza sauti. "Nataka kitoroli."

Cheche alizima mashine. Akainua ngao taratibu.

"Rudia, shemeji. Masikio yangu yameharibiwa na hii mashine."

"Kitoroli. Cha magurudumu mawili, cha kusimama. Cha kusukumia cherehani ya dada yako."

"Wewe? Winchi? Unataka magurudumu?" Cheche alisimama, akageukia mtaa mzima. "Jamani, njooni mnishuhudie! Shemeji yangu leo ameshuka kwenye mabega yake!"

"Cheka umalize, halafu tufanye kazi. Jumamosi si mbali."

Alicheka akamaliza, maana hakuwa mwanamke wa kuacha kicheko katikati, kisha wakaanza kutafuta vitu. Kununua vipya hakukuwemo katika mazungumzo. Cheche alikuwa na rundo la chuma chakavu nyuma ya karakana ambalo mume wake alilichukia na yeye alilipenda kama shamba. Humo walikuta jenereta lililokufa zamani, lakini magurudumu yake mawili ya mpira mgumu yalikuwa mazima, tena bado yameshikana kwa ekseli yake. Walikuta kipande cha bati nene kilichobaki kwenye geti la mtu. Walikuta mikanda ya viti vya gari lililokatwakatwa, mirefu na imara.

"Mwili tunautoa wapi?" Cheche aliuliza.

Winchi alikuwa ameshawaza. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kitanda cha chuma walicholalia watoto wao wote kwa zamu, kila mmoja akikiacha kimelegea kidogo zaidi. Miguu ililiwa na kutu, chaga ziliisha, lakini kichwa cha kitanda kilikuwa kimesimama vile vile: mabomba mawili marefu, vyuma vimepita katikati mfano wa ngazi, na juu bomba limepinda vizuri, pa kushikia penyewe. Mama Pindo alikuwa akianikia vitambaa juu yake. Winchi alivikusanya vitambaa, akavikunja vibaya, na kukitoa kichwa cha kitanda kwa kukiburuta mchangani ili asikiinue. Daktari hakusema lolote kuhusu kuburuta.

"Unakipeleka wapi?" mkewe aliuliza kutoka dirishani.

"Matembezini."

Kilichofuata kilikuwa furaha tupu. Winchi alikuwa na kazi tena. Alikata kutu kwa msasa, akashikilia, akapima kwa jicho, akaamuru. Cheche alimwachia aamuru, maana yeye alijua mageti, na geti likishasimikwa halina safari. Mambo ya mzigo alijua shemeji yake, nani wa kumbishia? Na hapo ndipo walipopotea njia, wote wawili, kwa roho safi kabisa.

Maana Winchi alikuwa na sheria moja ya ghala aliyoishi nayo maisha yake yote: mzigo ukae juu. Mzigo ulioshuka kiunoni unakuua, lakini ulio begani unatembea na wewe. Kwa hiyo alimwagiza Cheche achomelee mikono miwili ya chuma karibu na juu kabisa ya kitoroli, usawa wa bega lake mwenyewe. Meza ya cherehani ingekaa pale, miguu ikining'inia. Winchi aliiita mikono hiyo mabega. Na kwa kuwa mchukuzi hawezi kubeba bila kitu cha kulainisha, alisokota kata ya kitambaa, ile ya kuwekea mzigo, akaifunga juu ya mabega ya chuma kwa upendo mkubwa.

"Kimependeza," alisema, akirudi nyuma kukitazama.

"Kimefanana na wewe," Cheche alisema. "Kinakosa masharubu tu."

Ijumaa mchana walikisukuma mpaka uani kwa Winchi. Mama Pindo alitoka na futi ya kupimia ikiwa shingoni, akakizunguka, akaitambua kata, akamtazama mumewe, akameza kicheko.

"Lete cherehani tujaribu," Winchi alisema.

"Cherehani yangu haijaribiwi. Jaribuni na kitu kingine."

Cheche alijaza gunia mchanga hadi uzito ukakaribiana, akalipandisha juu ya mabega ya chuma kwa kuguna. Kitoroli kilitetemeka kidogo. Winchi akapiga moyo konde, akashika bomba la juu, akakivuta nyuma kama alivyoona wavivu wa dunia hii wakifanya.

Gunia lote lilimjia. Kitoroli kilipoinama uzito haukwenda kwenye magurudumu hata kidogo. Ulishuka kupitia mikononi mwake moja kwa moja, akayumba upande huu, akayumba upande ule, Cheche akaruka kushika, akakosa, na kitoroli, gunia, kata na vyote vikaangukia kwenye beseni la nguo zilizolowekwa. Maji ya sabuni yaliruka mpaka dirishani.

Cheche aliketi chini kwa kucheka. Mama Pindo naye alianza kucheka, kisha akamwona mumewe ameweka mkono tumboni, na kicheko kikamkatikia mdomoni.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Usinidanganye."

"Sikuumia, nimeshtuka tu." Alikwenda akakaa kwenye ngazi ya mlango. Povu la sabuni lilikuwa limemkaa kwenye nyusi, lakini hakulifuta. "Nimeshindwa, mama watoto. Maisha yangu yote nimebeba mizigo ya watu nisiowajua, na huu mmoja wa kwako nimeushindwa. Mpeni fundi simu kibaraza chake."

Mama Pindo alikiinua kitoroli kutoka kwenye beseni, akakisimamisha, akaanza kukizunguka tena, safari hii polepole, kichwa kimeinama upande, vile anavyomzunguka mteja aliyevaa gauni ambalo bado halijakaa vizuri. Alivuta mkono mmoja wa chuma. Akasukuma bomba la juu kwa kidole. Akarudi nyuma.

"Nani amekwambia uzito ukae juu?"

"Mzigo unakaa juu," Winchi alisema kwa uchovu. "Kila mchukuzi anajua."

"Kwa mtu. Hiki kina shingo?"

Winchi alijishika shingo.

"Niambie, pazia likipeperuka ovyo naliwekea nini?"

"Vile vyuma vyako vidogo."

"Naviweka wapi?"

"Kwenye pindo."

"Pindo liko wapi?"

Winchi akatazama mabega ya chuma. Akatazama chini, kwenye magurudumu. Cheche, aliyekuwa bado ameketi chini, alijipiga paji la uso.

"Shemeji," alisema, "tumeshona gauni kichwa chini!"

Winchi akasimama, na povu lake usoni. Mwanamume mwingine angenuna, yeye alicheka, akacheka mpaka akashika ukuta, kwa sababu aliona ghafla jinsi alivyokuwa mjinga na jinsi ilivyokuwa rahisi. Ikaamuliwa mabega yakatwe papo hapo. Cheche alikimbia kuchukua mashine yake na waya mrefu, na lile bati nene, lililokuwa bado halijatumika, likawekwa chini kabisa, mbele ya magurudumu, karibu na ardhi.

Sasa aliyeamuru alikuwa Mama Pindo. Alipima nafasi kati ya miguu ya cherehani, akapima upana wa bati, akapima mahali bomba la kushikia linapofikia kwake na kwa mumewe. Na Cheche alipotaka kuchomelea, alimzuia.

"Hakuna kushona kabla ya kupiga bandi."

Akafunga bati kwa kamba kwanza, kama anavyopitisha uzi wa muda kwenye nguo, wakaegemeza, wakatazama, wakasogeza nyuma kidogo, wakatazama tena. Aliporidhika ndipo akasema, "Haya, choma." Wakati cheche zinaruka yeye alikuwa mbele ya cherehani yake akiunganisha mikanda ya gari kwa uzi mnene, mshono juu ya mshono, na mpira wa bomba la maji akaukata vipande viwili vya kuvalisha pale pa kushikia.

Jua lilikuwa bado lipo walipolirudisha gunia. Mama Pindo alilifunga mkanda, akashika bomba, akaegemeza. Uzito ukalala juu ya magurudumu, ukatulia. Akasukuma. Kitoroli kikaenda.

"He!" alisema.

Akazunguka nacho uani. Akaondoa mkono mmoja. Akazunguka tena kwa mkono mmoja, akatoka nje mpaka kichochoroni, majirani wakachungulia, akarudi akikimbia, mwanamke mwenye wajukuu, kanga inamdondoka, anacheka na kupiga kelele, "Hakina uzito! Jamani, hakina uzito hata kidogo!" Cheche alipiga vigelegele. Winchi alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

Halafu makofi yakapungua yenyewe. Alikuwa amemtazama mkewe akipita na mzigo ule kwa mkono mmoja, na jambo ambalo hakuwa amelifikiria lilimwingia. Cherehani haimhitaji tena. Alitaka kurudi kazini, na badala yake amejifukuza kazi mwenyewe, tena kwa mikono yake, tena akishangilia.

Asubuhi ya Jumamosi Mama Pindo aliifunga cherehani kwenye kitoroli, akakaza mikanda, akajifunga kitambaa kichwani. Winchi alikuwa amekaa sebuleni akikagua kandambili ambayo haikuwa na kasoro.

"Twende," mkewe alisema.

"Nenda tu, mama. Kinajiendesha hicho. Mimi nitabaki niwe naangalia nyumba."

"Nyumba inakwenda wapi?"

"Nenda, utachelewa. Atampa mwenzako."

Akaenda. Winchi alisikia magurudumu yakikwaruza mchanga wa kichochoro, yakipungua, yakipotea. Akaiweka kandambili chini. Nyumba ilikuwa kimya, na pale kati ya kabati na kitanda palikuwa peupe. Alifurahi kwa ajili yake, kweli alifurahi, na machozi yalimjaa machoni vile vile.

Kisha magurudumu yakasikika tena, yakija.

Mama Pindo alisimama mlangoni, ameshika kiuno, kitoroli nyuma yake.

"Hivi wewe unadhani mimi niliolewa na bega?"

"Mama, muda..."

"Muda ngoja. Nakuuliza. Miaka yote hii umebeba cherehani, umewahi kuniambia neno njiani?"

Winchi alifikiri. "Mchukuzi haongei. Pumzi inakwisha."

"Basi. Wewe mbele, mimi nyuma. Shingo umeipinda kule, cherehani imekaa huku. Nimekwenda kazini na mgongo, nimerudi na mgongo. Naujua mgongo wako kuliko kitambaa chochote nilichowahi kukata. Jana nilipokuwa nakimbia na lile gunia, unajua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza, kumbe sasa nitakwenda kazini na mume wangu." Sauti ilimtetemeka, akaikaripia. "Na wewe unanikalia hapa na kandambili! Inuka!"

Winchi akainuka. Alivaa kandambili, akakosea mguu, akavaa tena.

Walitoka wamekishika kitoroli wote wawili, mkono wake upande huu, wa mkewe upande ule, kwenye vile vipande vya mpira. Mwanzoni Winchi alinyamaza kwa mazoea. Walipotoka kichochoroni mkewe alimgonga kwa kiwiko. "Haya, ongea. Pumzi unayo." Akakohoa, akaanza kumwambia habari za ghalani, kidogo kidogo, za msimamizi wao mmoja mkali, aliyependa kulala mchana juu ya magunia akijifunika turubai.

"Enhe?"

"Basi siku moja lori likaja. Tukaambiwa tupakie haraka. Tukapakia."

"Na yeye?"

"Na yeye tukampakia."

"Mlimpakia mtu!"

"Sisi tulijua? Mimi ndiye niliyembeba. Nikasema, gunia hili mbona lina joto..."

Mama Pindo aliachia bomba, akajishika mbavu, akalishika tena. Hakuwa amewahi kuisikia. Alikuwa amezaa na mtu huyu, amemuuguza, amemzeeshea macho yake kwenye sindano, na kumbe alikuwa na hadithi hii tumboni muda wote pamoja na ngiri. Winchi, kuona anachekwa namna ile, alipamba moto, akaigiza jinsi turubai lilivyoanza kukoroma, dereva alivyoruka nje ya lori na kukimbilia porini. Mkono mmoja ulisukuma, mwingine ulisimulia. Waliosalimia hawakuitikiwa.

"Mama Pindo!" mtu aliita kwa mbali. "Mama Pindo, we!"

Hawakusikia.

"Jamani, cherehani nimeiona! Kibaraza ni chako! Mnaipeleka wapi?"

Hapo ndipo Mama Pindo aligeuka. Duka la vyombo lilikuwa nyuma yao, tena mbali, na mwenye duka amesimama katikati ya barabara na sufuria mkononi, anawapungia. Walikuwa wamelipita bila kulitazama.

Winchi alitaka kugeuza kitoroli. Mkewe alikizuia, akajifuta machozi ya kicheko kwa pembe ya kanga, akapaza sauti yake yote.

"Tunakuja, baba! Ngoja kwanza amalize!"